Kofi la Stelingi

Tulimwita Mkalimani. Jina lake la kuzaliwa silitaji, kwa sababu hata yeye mwenyewe aliitika upesi zaidi ukimwita hivyo, na habari za wazazi wake watazisimulia wanaozijua. Mimi namjua kwa sauti yake, kwa kipande cha tangawizi alichokiweka shavuni kabla ya kushika maikrofoni, na kwa neno moja alilolisema barazani. Neno hilo lilimgharimu dada yangu masikio. Nikimsema vibaya mnivumilie. Nikimsema vizuri mnivumilie pia, maana mazuri alikuwa nayo, na hayo ndiyo yanayoniudhi zaidi.

Kijiji chetu kilikuwa kipya, chini ya milima ya Uluguru, kando ya barabara ya kwenda Mkuyuni. Tulishushwa huko wakati wa vijiji vya ujamaa, nyumba zikapangwa mistari, kila mlango unatazamana na mlango wa jirani. Mashamba ya mama zetu tuliyaacha juu pamoja na wazee waliokataa kushuka, akiwemo mjomba wetu. Mimi na dada tulikuwa yatima wa mama, kwa hiyo yule mjomba ndiye aliyekuwa baba na mama yetu. Dada alikuwa ameolewa, nami nilikaa kwake.

Lazima niseme jambo moja la kwetu, la sivyo hamtaelewa uzito wa hayo mengine. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume akioa anakuja kulima kwa wakwe, na mjomba wa mkewe ndiye mwenye usemi. Kule juu, mume akizoea kumpiga mke, mjomba anafika asubuhi, anaingia ndani bila kubisha, anatoa jembe la yule bwana na kulilaza njiani, mpini umeelekea kwao alikotoka. Hakuna matusi wala ugomvi. Mtu anaokota jembe lake anakwenda zake. Huko chini kijijini mambo yalikuwa mengine. Nyumba ziliandikishwa kwa majina ya waume, mume akaitwa mkuu wa kaya, na mjomba akawa mgeni anayekaribishwa uji.

Gari la sinema lilikuja mara chache, wakati wa kiangazi barabara inapopitika. Walifunga shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala la kijiji, jenereta likanguruma, na sisi tukakaa chini, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Kwanza tulionyeshwa mbu, halafu choo cha shimo, halafu namna ya kupanda mahindi kwa mstari. Hayo yalikuwa ya serikali. Yakiisha, dereva alitoa filamu yake mwenyewe, ameiazima kwa mwenye sinema mmoja wa mjini Morogoro. Ilikuwa imekatikakatika na kuungwa, na ilikuwa hiyohiyo kila alipokuja. Hatukuichoka. Ilikuwa ya mzungu wa kuruka.

Mzungu huyo alivaa nguo ya kubana mwili mzima, chupi juu ya suruali, kitambaa machoni na shuka mabegani. Aliinua gari kwa mkono mmoja. Alipasua ukuta kwa kifua na nywele zisivurugike. Tulimwita Stelingi, kama watu wanavyomwita yeyote aliye mkubwa wa sinema, na mbaya wake, mzee mmoja mwenye kipara na mtambo wa kuchoma miji, tulimwita Adui. Kulikuwa na mwanamke pia, msichana wa kupokea simu, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kupiga mayowe na kubebwa. Mahali fulani katikati nyumba inaungua, msichana anapiga mayowe, Stelingi anamzaba kofi, msichana ananyamaza, anatupwa begani na wote wawili wanarukia dirishani. Kipande hicho hakizidi muda wa kumeza tonge, lakini kilitutawala miaka.

Kiingereza hakuna aliyekijua pale isipokuwa Mkalimani. Alikipata zamani kwa kumpikia mzungu wa shamba la mkonge. Kwa hiyo alisimama kando ya shuka na maikrofoni mkononi, na alichokisema yeye ndicho kilichokuwa sinema.

Ungekutana naye mchana usingemdhania. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye koti la kifungo kimoja, na ukimwamkia shikamoo aliitikia marahaba kana kwamba anakuibia siri. Akishika maikrofoni alikuwa mtu mwingine. Alikohoa, akahamisha tangawizi shavu la pili, akasema, "Ndugu watazamaji, tulieni, anakuja," na watoto waliokuwa wanalia walinyamaza. Alikuwa na ugonjwa mmoja, hakuweza kuuvumilia ukimya. Stelingi akilala alisema, "Sasa amelala. Anaota nguvu." Ikionyeshwa barabara tupu alisema, "Barabara hiyo inamngoja." Hata filamu ilipokatika na shuka kubaki jeupe alitueleza kwamba Stelingi amekwenda haraka mno kwa macho yetu. Tulicheka, dereva akaunganisha filamu, tukaendelea.

Siku moja bibi mmoja wa mbele aliuliza swali ambalo kila mwanamke pale alikuwa nalo. Huyu mtoto ni wa ukoo gani, na mjomba wake yuko wapi? Mkalimani alicheka ndani ya spika. "Hana mjomba, bibi," akasema. "Ndiyo maana anaruka."

Upande wa wanaume waliinuka. Walipiga makofi, wakapigana mabega, mzee mmoja akatupa kofia juu na hakuiona tena. Nimelifikiria jambo hilo sana. Wale walikuwa watu waliolima maisha yao yote kwenye ardhi ya wake zao, wakipiga magoti mbele ya wajomba wa watu, na sasa wameonyeshwa mtu asiyedaiwa heshima na yeyote. Sikuwapenda kwa furaha ile, lakini niliielewa.

Alikuwa na namna ya kusawazisha mambo yasiyokaa vizuri. Karibu na mwisho wa filamu, Stelingi amefungwa minyororo, Adui anakaribia kuwasha mtambo, na yule msichana wa simu anaokota nondo na kumtwanga Adui kisogoni. Adui anaanguka. Hilo lilikuwa wazi hata kwa kipofu. Mkalimani akasema kwamba Stelingi amemwingia msichana mkononi kwa nguvu za macho, na kwamba nguvu zile si za msichana. Tukaitikia wote kwamba kumbe ndivyo. Nilikuwa na macho yangu mawili na niliamini masikio.

Na lile kofi alilipamba kuliko yote. "Hili ni kofi la Stelingi, ndugu," alisema. "Halina chuki. Linarudisha akili." Kisha akabana koo na kutoa sauti nyembamba ya kike, "Asante, sasa akili zimenirudia." Watu walicheka mpaka machozi. Mara ya kwanza hata dada yangu alicheka, mkono wake juu ya goti langu. Alikuwa na kicheko kikubwa kisichofaa kwa mwili wake mdogo, na watu walikuwa wanacheka upya kwa kukisikia.

Masika haikuisha kabla maneno yale hayajaingia majumbani. Wavulana walifunga khanga za mama zao mabegani na kuruka kutoka kwenye kuta za ghala, mmoja akavunjika mguu. Wasichana walikubali kuwa wa kuokolewa, kwa sababu hawakupewa kazi nyingine. Wakubwa walichukua kofi. Mwanamke akija bombani shavu limevimba tulimwuliza, "Leo umerushwa?" naye akacheka ili asilie, na sisi tukacheka zaidi. Mtu asije kuniambia kwamba ni wanaume peke yao.

Shemeji yangu alikuwa mgambo, mfupi, mwenye kifua alichokitunza kuliko shamba. Kabla ya sinema alikuwa mtu wa kawaida aliyeogopa hata beberu la jirani. Wenzake wa gwaride walianza kumwita Stelingi kwa kumtania, kwa ajili ya ufupi wake, ila yeye hakuona utani. Alianza kutembea sweta limefungwa mabegani, mikono yake inaning'inia nyuma. Nilicheka nilipomwona hivyo mara ya kwanza. Kisha akaanza na dada, kwanza kwa ugali uliopoa, halafu kwa ugali wa moto, halafu kwa kumtazama. Kila akimaliza alisema halina chuki. Alilisema kwa upole, kama mtu anayempa mgonjwa dawa.

Sasa nirudi kwa Mkalimani, maana nyumba yake ilitazamana na yetu na hakuna nisichokijua. Mke wake alikuwa na mguu mbovu, tangu uzazi wake wa kwanza na wa mwisho. Alishinda kibarazani kwake ameunyoosha juu ya kigoda, na huku amekaa pale mbele ya macho ya watu, moshi ulitoka jikoni kwake na harufu ya vitunguu ikavuka njia. Kila mtu aliona moshi na kila mtu alimwona mke. Hakuna aliyejumlisha kwa sauti. Mkalimani alikuwa anapika. Alifunga mlango, akatia komeo, na kupika mapishi ya kizungu na ya pwani ambayo sisi wengine tuliyajua kwa harufu tu.

Niliwahi kumkuta. Nilikwenda kuomba chumvi, mlango alikuwa amesahau kuukomea, nikamkuta unga mpaka kwenye viwiko anasukuma chapati na kuimba wimbo wa kanisani. Aliruka. Alitupa khanga juu ya kibao, akasema anamsaidia tu mama, leo mguu umemzidi. Mguu ule ulikuwa unamzidi kila siku, miaka nenda rudi. Alinipa chumvi na chapati mbili za moto na akanitazama kwa macho ya kuomba. Khanga za mkewe alizifua yeye, akazianika nyuma ya nyumba. Sikuwahi kusikia sauti ya kupigwa ikitoka mle ndani. Nilichosikia jioni ni yeye akimsomea mkewe gazeti la zamani lililofungiwa sukari, na mkewe akimsahihisha.

Huyuhuyu, akishika maikrofoni, alisema kwamba mwanamume akiingia jikoni Stelingi analia. Mkewe alikuwa anabebwa mgongoni kuletwa kwenye sinema, yeye mwenyewe ndiye aliyembeba wakati giza limeingia, na alikaa safu ya mbele akayasikia hayo. Nilimwuliza anavumiliaje. Akaniambia, "Ile sauti ya kwenye spika si ya mume wangu, mwanangu. Mume wangu anaongea polepole." Alisema bila uchungu wowote, na nilimwonea hasira kuliko nilivyomwonea mumewe.

Dada alipopasuka sikio la kushoto ilikuwa mchana, mlangoni kwetu, mbele ya wagambo wenzake shemeji. Alikuwa amemjibu. Aliulizwa maji ya kuoga yako wapi, akasema yako mtoni, na mto wewe unaujua. Wagambo walicheka, na kucheka kwao ndiko kulikomponza. Nilimwona anaanguka, kisha nikaona damu nyembamba inashuka shingoni na kuingia kwenye nguo. Shemeji alitengeneza sweta lake mabegani, wakaondoka kwenda gwaride.

Aliyevuka njia alikuwa Mkalimani. Alimbeba dada akamwingiza kwake, akachemsha maji, akatia chumvi, akayapooza mpaka yakawa ya uvuguvugu, akamsafisha sikio kwa pamba. Alikuwa na mikono mizuri, mikono ya mpishi, na dada hakustuka hata mara moja. Alisema kwa sauti yake ya chini kwamba yule si mtu, ni mnyama. Kisha akamwambia dada, mimi nikiwa nimeshika bakuli, "Nenda kwenu, mwanangu. Nenda kwa mjomba wako leo hii, usingoje upone."

Dada alikwenda. Alipanda mlima na kitambaa kichwani, nami nyuma yake na mzigo wa nguo. Keshoye asubuhi mjomba alishuka na sisi, akaingia nyumbani kwa shemeji bila kubisha, akatoa jembe, akalilaza njiani. Mpini uliangalia kwao shemeji, upande wa Turiani. Shemeji alitoka, akalitazama jembe, akaliokota. Nikafikiri yamekwisha. Badala ya kwenda kwao alilipeleka ofisi ya kijiji, akashitaki kwamba mtu wa nje amemvunjia nyumba.

Baraza lilikaa ghalani, kwa sababu ya mvua, ukuta uleule wa sinema tukiwa upande wake wa ndani. Mwenyekiti alikuwa kijana aliyepata semina mjini, na wazee walikaa kwenye benchi. Mkalimani alikuwamo, maana alikuwa mjumbe wa nyumba kumi kumi za mstari wetu. Mjomba alieleza kwa ufupi. Mtoto wangu amepasuliwa sikio, namchukua, jembe la bwana nimelitoa, deni hatudaiani. Mwenyekiti alimjibu kwa heshima nyingi kwamba desturi hizo mzee ziliachwa mlimani, hapa kuna mkuu wa kaya. Akamgeukia shemeji aeleze kosa la mke.

Shemeji alisimama wima kama yuko gwarideni. Alisema hakumpiga kwa ubaya, alimpiga kofi la Stelingi, na kila mtu hapa anajua kwamba halina chuki. Ghala zima likacheka. Mwenyekiti naye alicheka, na nadhani alitaka tu kicheko kiendelee, hakudhamiria zaidi ya hapo. Alisema tusibishane bure wakati mtaalamu tunaye.

"Ndugu Mkalimani," akauliza, "yule mwanamke wa kwenye sinema, alipopigwa, alisemaje?"

Mtacheka mkisikia kwamba ndoa ya mtu iliamuliwa kwa sinema. Sisi hatukuliona jambo la kuchekesha. Kila aliyekuwa ghalani alikuwa ameiona filamu mara nyingi kuliko alivyoiona mahakama, na shahidi alikuwa mtu mwenye Kiingereza. Nilimtazama dada. Alikuwa ametabasamu kidogo, jamani, kwa sababu aliyeulizwa ndiye yule aliyemwosha sikio.

Mkalimani alisimama. Alitazama benchi la wazee, akatazama wanaume waliojaa mlangoni wakimngoja, midomo yao tayari imefunguka. Mkewe alikuwa nyuma na mguu wake. Alikohoa, akahamisha shavuni kitu ambacho siku ile hakikuwemo.

"Alisema," akasema kwa ile sauti ya spika, "asante, sasa akili zimenirudia."

Walicheka mpaka mabati yakaitika. Mwenyekiti alipiga meza, akatoa uamuzi kwamba mke arudi kwa mumewe na mume apunguze mkono, na mzee wetu wa mlimani ashukuriwe kwa kufika. Mjomba alingoja watulie. Aliuliza swali moja tu, yule mwanamke wa kwenye sinema ni wa ukoo gani, na nani alikwenda kumwuliza. Alichukua fimbo yake akapanda mlima peke yake kwenye mvua, na dada akapelekwa nyumba ya pili kutoka barabarani, kwa mkuu wa kaya.

Jioni ile moshi ulitoka kwa Mkalimani mapema. Mkewe alituma mtu na sahani ya chapati, zimefunikwa kwa kitambaa kisafi. Dada aliwamwagia kuku.

Sikio la kulia lilikwenda wakati wa palizi. Sikuwepo, nilikuwa bondeni. Nilipofika alikuwa amekaa kitandani, nikamwuliza umefanyaje, na badala ya kunitazama machoni alinitazama mdomo. Hivyo ndivyo nilivyojua. Tulijaribu zahanati, tukajaribu mafuta ya moto, tukajaribu hospitali ya mjini, na kila mahali walimwinamia sikioni wakasema maneno ambayo hakuyasikia.

Kiangazi gari la sinema lilirudi. Dada alitaka kwenda. Nilimwonyesha kwa mikono kwamba hakuna maana, akasema, "Macho yangu hawajayachukua bado." Wakati huo alikuwa ameshaanza kuongea kwa nguvu kama wanavyoongea watu wasiojisikia. Tulikaa safu ya mbele, karibu na mke wa Mkalimani. Mbu wakapita, choo kikapita. Stelingi akaruka. Watu wakacheka huku na kule kwa maneno ya Mkalimani, na dada alikaa kimya ameinamisha shingo mbele, anatazama tu. Aliitazama ile filamu kama mtu anayeiona mara ya kwanza.

Nyumba ikaungua. Msichana akapiga mayowe, kofi likapigwa, uso wake ukajaa shuka zima. Mkalimani akabana koo, "Asante, sasa akili zimenirudia," na watu wakaanguka kwa kicheko. Dada akanivuta mkono, akauliza amesema nini. Nikamwonyesha kwa mdomo, polepole, asante.

"Hajasema," dada akasema.

Alisema kwa ile sauti yake isiyo na kipimo, na kila mtu aliisikia mpaka nyuma.

"Hajasema kitu. Nimemwangalia mdomo, ameufunga. Amemtazama tu."

Mkalimani alinyamaza. Kwa mara ya kwanza filamu ilikwenda bila yeye, na tulisikia Kiingereza chenyewe, jenereta, na mikanda ikizunguka garini. Msichana aliokota nondo, akamtwanga Adui, na hakuna aliyetuambia nguvu zile ni za nani. Nilimwona mkewe amemgeukia mumewe, kwenye mwanga ule wa shuka, anamngoja aseme neno. Nami nilimngoja. Ningemsamehe mengi kama angesema ni kweli, hajasema kitu. Kisha mgambo mmoja akapaza sauti kwamba leo kiziwi naye anafasiri sinema, watu wakacheka kwa nafuu, na Mkalimani akakohoa. "Tulieni, ndugu watazamaji," akasema, "Stelingi hafi."

Wiki ile dada alifunga nguo zake akapanda mlima. Shemeji hakumzuia wala hakushitaki. Aliwaambia wenzake kwamba mke asiyesikia akiitwa ni wa kazi gani. Kwa hiyo dada alikipata kile alichoombewa barazani, na alikipata kwa sababu ya uziwi wake. Nilimfuata. Mjomba alitupatia vipande viwili vya shamba lililochongwa ngazi mlimani, tukalima karoti, njegere na kabichi, na siku za soko tulishuka Morogoro mjini na makapu kichwani.

Miaka ilipita. Sukari ikawa ya foleni na sabuni ikawa habari, na watu wa kijijini wakaanza kurudi mmoja mmoja kwenye mashamba yao ya juu. Nilisikia kwamba mke wa Mkalimani amefariki huko juu, kwenye ardhi ya ukoo wake walikorudi, na kwamba wajomba zake walifika hata arobaini haijafika, wakaingia ndani, wakatoa jembe la mfiwa wakalilaza njiani. Hakuwa amempiga mtu. Walitaka ardhi yao tu. Wakatoa na sufuria, moja baada ya nyingine, na kinu, na kibao cha chapati, wakavipanga njiani mbele ya watu. Aliyenisimulia alisema watu walishangaa wingi wa sufuria. Sikumwonea huruma, nawaambia ukweli, nilicheka nikaomba nisimuliwe tena.

Mara ya mwisho nilimwona sokoni mjini. Alikuja na kapu, amefunga aproni iliyochafuka mchuzi, maana alikuwa amepata kazi ya upishi kwenye hoteli moja ndogo karibu na stendi, mlango wazi, watu wakimwona. Alikuwa amekonda na koti lilikuwa lilelile. Dada alikuwa amekaa pembeni yangu anafunga karoti mafungu. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu nimelelewa, akaitikia marahaba kwa sauti yake ya chini.

Alimtazama dada, dada akamtazama mdomo kama anavyomtazama kila mtu, na yeye akaukwepa uso wake akanigeukia mimi.

"Mwambie dada yako," akasema, "siku ile barazani nilijua. Yule mwanamke hakusema kitu. Nilijua tangu mara ya kwanza."

Nikamwuliza kwa nini basi. "Waliniuliza mbele ya watu," akasema, "na wote walikuwa wananingoja." Akasema mkewe hakutaka tena kusomewa gazeti tangu siku ile ya sinema, alikaa naye miaka yote iliyobaki na hakumsahihisha hata neno. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni. Akaniomba tena, mikono imeshika kapu kifuani, nimwambie dada anaomba radhi, nimfikishie kwa namna yoyote ninayoweza, kwa sababu yeye hawezi kumsikilizisha.

Dada alinigusa goti. "Anasemaje?"

Nilimgeukia ili auone mdomo wangu vizuri. Nikatamka polepole, neno kwa neno.

"Anataka karoti."

Dada alichagua. Hachagui ovyo yeye, alizigeuza moja moja, akaondoa zilizopasuka, akafunga fungu zuri kwa kamba ya mgomba na kumnyooshea. Mkalimani alibaki amesimama, hakuwa ameomba karoti. Alinitazama. Nilimtazama pia, na alijua nilichokifanya, maana ile kazi ilikuwa yake kabla haijawa yangu. Angeweza kuliacha lile fungu. Angeweza kupiga magoti pale kwenye matope ya soko, dada akaona, akaelewa bila mkalimani. Nyuma yake wateja walikuwa wamepanga foleni, wanamngoja.

Alilipokea kwa mikono miwili. Midomo yake ilitikisika, akasema neno moja, akalipa, akaondoka upande wa stendi.

Dada alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea, kisha akanigeukia amefurahi, kama anavyofurahi kila anapomsoma mtu bila kusaidiwa.

"Amesema asante," akasema kwa nguvu, soko zima likageuka. "Huyo kweli amesema. Nimemwona mdomo."

Nikamwambia ndiyo, huyo amesema.